Namna ya kuaga nyumba uliyoipenda kabla ya kuhamia mbali

Wengi huiaga nyumba siku ile ile ya kuondoka. Mabegi yapo mlangoni, dereva anapiga honi, mtoto anatafuta kiatu, na katikati ya vurugu hiyo mtu anatupa jicho ukumbini mara moja, anafunga mlango, anakwenda. Miezi inapita, yuko ugenini, ndipo anapokumbuka kwamba siku ile hakupita hata uani. Mwongozo huu nimeuandika ili hilo lisikupate. Nyumba ninayoizungumzia ni zile za kwetu Ngamiani, Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Safari ninayoizungumzia ni ile tuliyoifanya sisi, ya kuhamia Toronto, Kanada. Anayetoka Kilwa kwenda Muscat au Kigoma kwenda Oslo atabadilisha majina tu, kazi atazikuta ni hizi hizi.

Msimamo wangu ni kwamba nyumba huagwa kwa kukabidhi. Kila jambo ambalo wewe ndiye ulikuwa ukilifanya pale lipate mtu wa kulifanya kabla hujafunga begi: kumwagilia mwembe, kupalilia kaburi la babu, kumpelekea uji jirani asiyetoka nje, kuchangia misiba ya mtaa. Machozi yatakuja yenyewe, hayataki maandalizi. Kinachotaka maandalizi ni zile kazi.

Anza kwa wazee, miezi mitatu kabla

Habari ya kuhama isiwafikie wazee kwa mdomo wa jirani. Kabla hujaandika chochote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nenda mwenyewe kwa mama, kwa baba mkubwa, kwa shangazi, na kwa yule mzee wa mtaa aliyesimama nawe siku ya msiba wa baba yako. Nenda jioni baada ya alasiri, kaa, unywe chai, muulizane hali, ndipo useme. Maneno yawe mepesi: "Mama, tumepata nafasi ya kuhama, nimekuja unisikilize." Mzee aliyeshirikishwa mapema atakuwa upande wako muda wote wa maandalizi, na ndiye atakayewatuliza wengine. Aliyeambiwa mwisho atakupa radhi zake, lakini atabaki akijiuliza kwa nini alifichwa.

Baada ya wazee, mwambie balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hao utawahitaji. Barua ya kumtambulisha mtu utakayemwachia nyumba hutoka ofisini kwao, na ukizuka mzozo wa mpaka au wa mpangaji, wao ndio wa kwanza kuitwa. Kisha majirani. Watoto nao waambieni mapema kuliko mnavyodhani inafaa, maana huwa wameshawasikia mkinong'ona usiku.

Miezi mitatu nimeipima pia kwa mvua. Anayeondoka Januari au Februari anaiacha nyumba masika yakiwa mlangoni, na tone moja linalodondoka leo chumba cha nyuma litakuwa limeozesha kenchi mtakaporudi kutembea. Mpandishe fundi juu ya paa mapema akaze misumari, abadilishe bati lililotoboka na asafishe gata. Aangalie na mchwa kwenye miimo ya milango.

Lipa, rudisha, jitoe kwenye mchezo kwa heshima

Chukua daftari uandike aina tatu za watu: wanaokudai, unaowadai, na wenye vitu vyao kwako. Dukani pale kona lipa hadi shilingi ya mwisho na uombe jina lako lifutwe mbele yako. Lile sufuria kubwa la harusi, ile turubai, ule ungo, kila kimoja kirudi kwa mwenyewe kikiwa kimeoshwa. Wanaokudai ni rahisi. Wagumu ni unaowadai. Kama umeamua kusamehe, mwambie mtu kwa kinywa chako kwamba umemsamehe. Ukinyamaza, yeye ataendelea kukukwepa hata kwenye simu, na utakuwa umempoteza kwa ajili ya fedha ambayo hukuwa na nia ya kuidai.

Upatu, yaani ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, una kanuni zake. Kama zamu yako imeshapita, bado una michango ya kumalizia mpaka wa mwisho apokee. Mwambie kijumbe anayeusimamia mapema: ama ulipe iliyobaki kwa mkupuo, ama ulete mtu wa kushika nafasi yako ambaye wenzako wanamkubali. Kama zamu yako haijafika, omba kubadilishana na mwenye zamu ya karibu. Kudai urudishiwe fedha katikati ya mzunguko kunawavurugia watu ambao walikuamini. Kikoba ni habari nyingine, kwa kuwa hisa kwa kawaida hugawiwa siku ya kuvunja. Acha maandishi yenye jina la atakayepokea zako.

Chama cha kufa na kuzikana usijitoe, hasa kama wazazi wanabaki. Ada yake unaweza kuituma kwa simu ukiwa popote. Siku ya msiba hao ndio watakaoleta viti na sufuria, watakaochimba kaburi, na watakaolala barazani siku tatu, na wewe utakuwa bado unatafuta tiketi.

Kuomba radhi

Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kwa sababu inatia aibu. Usiiruke.

Panga ziara za jioni, nyumba mbili au tatu kwa siku, si zaidi, maana kila nyumba itataka uketi. Usifanye kwa simu kwa mtu anayefikika kwa miguu. Maneno yetu yapo tangu zamani na yanatosha: "Nimekuja kukuaga na kukuomba radhi. Tumeishi vizuri, na pale nilipokukosea, kwa kujua na kwa kutojua, naomba unisamehe, nami nimekusamehe." Mwenzako atajibu kwa yake. Mkishamaliza, badilisheni mazungumzo, ulizeni habari za watoto, kisha uage. Usiigeuze ziara kuwa kikao cha kufufua mambo.

Ila kosa linalojulikana, litaje. Kama uligombana na jirani kwa maji ya kuoshea vyombo yaliyokuwa yakitiririkia kwake, maneno ya jumla yatamkera zaidi. Mwambie, "Yale maneno ya siku ile ya maji, nilivuka mpaka." Ugomvi ukiwa mzito, mfano wa kiwanja au mirathi, mchukue mzee anayeheshimiwa na pande zote akae katikati, na mtangulize mbele siku moja kabla ili mwenyeji asishtukizwe. Akikataa kukupokea, mwachie mzee ujumbe. Umefanya wajibu wako, na mlango wa upande wako umeuacha wazi.

Kuna watu husahauliwa katika orodha hii. Dada wa kazi aliyewalea wanao: mlipe haki yake yote, umpe na barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine, na umuombe radhi yeye pia, mbele ya watoto. Mkwe wa ndoa iliyovunjika. Mpangaji mliyeachana vibaya. Mwalimu wa madrasa aliyekufundisha alifu kwa ijiti. Muuza samaki aliyekuwa akikuwekea changu mzuri kila Ijumaa naye ana haki ya kuambiwa kwamba kuanzia wiki ijayo asikuwekee.

Makaburi

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza nenda na jembe, panga na fundi kama kuna sehemu imetitia. Palilia, nyanyua jiwe lililoanguka, andika upya jina lililofutika. Mara ya pili nenda na familia, someni Yasini au salini sala yenu, kila mtu kwa dini yake, na mkae kidogo bila haraka. Ukichanganya siku hizo mbili utatumia muda wote kuwaelekeza mafundi.

Makaburi ya mtaa hujaa haraka, na kaburi lisilo na alama hupotea. Piga picha kaburi likionekana pamoja na kitu kisichohama, mti mkubwa au ukuta, halafu hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Andika kwenye daftari: nani, alizikwa mwaka gani, safu ya ngapi kutoka lango. Kisha mtafute kijana wa ukoo umkabidhi kwa jina. Mwambie apalilie kabla ya Ramadhani au kabla ya Krismasi, na umtumie nauli yake kila mara bila kukumbushwa.

Iandike nyumba

Kumbukumbu hushika sura ya mbele ya nyumba na kuacha mengine. Kwa hiyo usipige picha za watu wakitabasamu mlangoni tu. Pita chumba kwa chumba, simama kwenye kona moja ya kila chumba na upige kuelekea kona ya mkabala, kisha kinyume chake. Rudia asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa sababu mwanga wa ukumbini saa moja asubuhi si ule wa saa kumi. Halafu nenda kwenye vitu vidogo: komeo la mlango wa uani, alama za penseli ukutani zinazoonyesha urefu wa watoto, ngazi iliyomeguka, sehemu ya sakafu iliyosuguliwa na miguu ya mbuzi ya nazi. Mpe simu mtoto mdogo naye apige. Picha zake zitakuwa za chini ya meza na za mapaja ya bibi, na hiyo ndiyo nyumba anayoijua.

Rekodi sauti pia, kwa siku tofauti. Weka simu barazani, bonyeza, nyamaza. Utapata adhana ya alfajiri, vikombe vya muuza kahawa vikigongana, ufagio wa njiti uani, nazi ikikunwa, mvua juu ya bati, baiskeli, salamu za wapitaji. Mimi nasema sauti ni muhimu kuliko picha. Picha unaweza kumwomba mtu akupigie miaka mitano baadaye, lakini sauti ya mama akimwita mtu kutoka jikoni haiombeki.

Waketishe wazee uwahoji, kwa ruhusa yao, mmoja mmoja. Waulize mambo ya nyumba, wala usiwaombe wasimulie maisha yao yote. Nani alinunua kiwanja na kwa nani? Kuta za kwanza zilikuwa za udongo na miti, au za mawe? Bati liliezekwa lini, na kabla yake makuti yalitoka shamba gani? Nani alizaliwa chumba kipi, nani alifia kipi? Kabla ya bomba maji yalichotwa wapi? Mwembe uliupanda wewe au uliukuta? Swali dogo la namna hii hufungua hadithi ya saa nzima. Acha wanyamaze wanapotaka kunyamaza.

Mwisho, chora ramani. Tafuta futi kamba, pima kila chumba na watoto, andika vipimo. Kwenye ramani hiyo hiyo weka mambo atakayoyahitaji mlinzi wa nyumba: koki kuu iko wapi, bomba linapita wapi chini ya sakafu, mfuniko wa karo uko upande gani wa ua, mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ina namba gani, fundi bomba na fundi umeme ni nani. Ukurasa wa nyuma andika nani alilala wapi kwa miaka yote. Toa nakala tatu: moja ukutani mwa ukumbi, moja kwa ndugu, moja safarini. Picha na sauti nazo ziwe katika sehemu zaidi ya moja, kwenye flashi ya ndugu anayebaki na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu huibiwa.

Pika na anayejua

Mapishi ya kwetu hayana vipimo. Bibi atakwambia "tia chumvi kiasi", na kiasi chake kiko mkononi mwake. Nunua mzani mdogo wa jikoni, kaa naye, na kila anapochota, mpokee kabla hajatia, pima, andika, mrudishie. Fanya hivyo kwa vyakula vitatu au vinne ambavyo nyumba yenu hujulikana navyo: mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, chochote kile. Akitaja kibaba na pishi, kumbuka pishi moja ni vibaba vinne, na upime kibaba chake chenyewe, maana kopo la kila nyumba lina ukubwa wake. Andika pia yasiyopimika: tui zito hutiwa lini, moto upunguzwe likianza kufanya nini. Huko uendako utatumia tui la kopo na jiko la umeme, kwa hiyo kujua ladha na rangi inayotakiwa kutakusaidia kuliko kujua dakika.

Kugawa na kubeba

Kabla hujagawa hata kijiko, jiulize nyumba na vilivyomo ni vya nani kisheria. Kama ni vya wazazi waliofariki na mirathi haijafunguliwa, fungueni kwanza. Kwa familia nyingi msimamizi wa mirathi huteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, kwa kuanzia na kikao cha ukoo na muhtasari wake. Kuhama ukiwa umeacha jambo hilo likining'inia ni kuwaachia wadogo zako ugomvi.

Vilivyo vyako, gawa kwa atakayevitumia kila siku. Samadari iende kwa bibi harusi wa mwaka huu, kabati la vyombo kwa shoga yako mwenye wageni wengi, cherehani kwa binti anayejifunza kushona. Mpe mtu mkononi, umwambie kilitoka wapi. Friji, televisheni na makochi uza. Kinu cha bibi usikiuze. Albamu za picha zipigwe nakala kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na zenyewe zibaki kwa mtu mmoja anayejulikana na wote.

Mzigo wa ndege una mipaka. Mashirika mengi hukubali begi la kilo 23 kwa daraja la kawaida, na idadi ya mabegi soma kwenye tiketi yako. Wengi hutamani kubeba ukufi wa udongo wa uani. Usifanye hivyo, Kanada na nchi nyingi hukataza udongo, na utanyang'anywa uwanjani, jambo ambalo litakuumiza kuliko kuuacha. Mbegu na miche huhitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho Tanzania hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, tena uulize kwanza kama nchi uendayo inaruhusu aina hiyo. Nyama na maziwa achana navyo. Magamba ya kasa na matumbawe yanabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mlango wa kale wa nakshi, hata kama ni wa babu yako, uko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hivyo hautoki nchini bila kibali.

Kinachobebeka na kinachofaa: kanga za mama, hata zilizochakaa, mbuzi ya nazi ya kukunja, kinu kidogo cha kutwangia viungo, mswala, ukaya, kikombe alichonywea baba, ufunguo wa zamani usiofungua kitu tena. Viungo vikavu fungasha vizuri na uvitaje kwenye fomu ya forodha. Anayeingia Kanada kama mkaazi mpya aandae orodha mbili za mali, ya vitu alivyokuja navyo na ya vitakavyofuata, azikabidhi kwa maafisa wa mpakani siku ya kwanza anapoingia. Vitu alivyokuwa akivimiliki na kuvitumia kabla ya kuhama huingia bila ushuru, na vile vya orodha ya pili vikifika baadaye vinalindwa na orodha hiyo. Vito na saa piga picha. Ukiisahau orodha ya pili, sanduku la mama linaweza kukugharimu.

Nani anabaki na ufunguo

Nyumba isiyo na mtu hufa haraka. Popo huingia darini, mchwa hupanda, nyasi hufika dirishani. Bora ndugu akae bure kuliko kufuli. Bora zaidi mpangaji mwenye familia, na ndugu msimamizi anayemtembelea. Yeyote awaye, andikisheni hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja: anakaa muda gani, analipa nini, nani anakarabati, anaruhusiwa kubadili nini. Balozi na mwenyekiti washuhudie. Kwa mambo ya benki, ardhi na mahakama atahitaji hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, na hati hiyo itaje mambo anayoruhusiwa moja baada ya jingine. Kuuza na kuweka rehani vikatazwe kwa maandishi.

Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Nyumba ikifungwa na umeme usinunuliwe, kodi inaendelea kujikusanya, na atakayenunua baadaye atakuta fedha zake zinaliwa na deni. Kwa hiyo anunue kidogo kila mwezi. Maji yasipotumika omba yasitishwe kwa muda. Pango la ardhi kwa wenye hati lilipwe kila mwaka, risiti zipigwe picha. Hati yenyewe isafiri nakala tu, na ya asili ibaki mahali salama nchini, benki au kwa wakili.

Jambo moja zito zaidi. Mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza wa Tanzania, na sheria ya ardhi humwekea asiye raia mipaka mikubwa. Kanuni zinazowahusu watu wa diaspora zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo muone wakili kabla ya kula kiapo cha uraia mpya, wala si baada yake.

Kama nyumba imeuzwa, kabidhi funguo zote. Unaweza kumuomba mnunuzi asiukate mwembe. Akikubali, mshukuru. Baada ya hapo mti ni wake.

Watoto na paka

Mpe kila mtoto kazi yake ya kukabidhi: huyu kuku, yule bustani ya mchicha, mwingine mpira wa mtaa. Amtafute rafiki, amfundishe, amwachie. Msiwadanganye kwamba mtarudi likizo ijayo kama hamjui. Siku za mwisho waacheni wachelewe kuingia ndani. Paka huzoea nyumba kuliko watu, hivyo kama anayeingia anampenda, mwacheni pale pale na mpeni sahani yake. Kukusanya vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na barua za shule anzeni mwezi wa kwanza wa maandalizi, kazi hiyo huchukua muda.

Kisomo cha kuaga

Kifanyike siku tatu au nne kabla ya safari. Ukikiweka usiku wa mwisho utaondoka ukiwa umechoka, na masufuria hayajarudishwa. Kisomo baada ya magharibi, au ibada ya shukrani kwa Wakristo, majirani na ndugu, pilau, kahawa, tende. Kuku wa uani wanatosha, hakuna haja ya kukopa. Mzee mmoja aseme, wewe useme kwa ufupi, na hapo hapo uwatangaze hadharani wale uliowakabidhi kazi: fulani ana ufunguo, fulani ana makaburi, fulani ataendelea kumwangalia Bi mkubwa wa nyumba ya tatu. Mtaa ukisikia, mtaa utawasaidia, na utawakumbusha pia.

Asubuhi ya mwisho

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, kwa hiyo shukeni siku moja kabla ya ndege, ili asubuhi ya nyumbani isiwe ya kukimbizana. Amka mapema, sali. Fagia nyumba nzima mwenyewe, chumba kwa chumba hadi uani, na usimwachie mtu ufagio. Mikono ikifanya kazi, moyo hupata mahali pa kushika. Mwagilia mwembe. Katika kila chumba simama kidogo, mtaje aliyelala humo. Ukitaka kulia lia, watoto wakuone, wajue inaruhusiwa.

Toa ufunguo barazani mbele ya mashahidi, mkono kwa mkono. Salamu za mikono, kisha mwondoke. Msafara wa gari tatu hadi uwanja wa ndege mimi siushauri, unawachosha wazee na unaivuta huzuni siku nzima. Ageni barazani, mahali ambapo nyumba imekuwa ikiwaaga wageni wake miaka yote.

Ukiwa na siku moja tu

Wengine hawapewi miezi. Viza hutoka ghafla, vita hufika mlangoni, wenzetu wa Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanalijua hilo. Hapo fanya mambo matano kwa mpangilio huu: mpigie mzee mkubwa wa ukoo umuombe radhi na dua, chukua nyaraka zote, tembea nyumba nzima ukirekodi video bila kusema neno, mpe ufunguo mtu mmoja mbele ya shahidi, na umwombe mtu huyo awapitie majirani kwa niaba yako kabla juma halijaisha. Mengine, radhi na makaburi, fanya ukiwa mbali, kwa simu na kwa kutuma mtu. Ni halali na inapokelewa.

Ukishafika

Weka siku moja ya simu ya nyumbani. Toronto iko nyuma ya Tanga kwa saa saba wakati wa joto na saa nane wakati wa baridi. Ukipiga Jumamosi saa tatu asubuhi kwako, kwao ni saa kumi au kumi na moja jioni, wakati watu wanakaa barazani. Simu moja itazungukia watu sita. Ongea na mtu kwanza, nyumba baadaye, maana mlinzi wa nyumba anayeulizwa habari za bati kila siku kabla ya habari za mtoto wake huchoka upesi.

Usiombe kuonyeshwa vyumba kwa video mara kwa mara katika miezi ya mwanzo. Inakuzuia kutua ulipo. Mlinzi wa nyumba akikuomba ruhusa ya kubadili rangi ya mlango au kuhamisha jiko, mjibu siku hiyo hiyo, na mara nyingi mkubalie, kwa kuwa anayeishi ndani ndiye anayejua kinachomfaa. Mwaka ukitimia, rudia ile orodha ya makabidhiano jina kwa jina. Aliyechoka mpumzishe kwa shukrani, utafute mwingine. Na fedha ya fundi wa paa itume kila Februari, bila kungoja kuombwa.